Siku sita na binti wa kondoo: kutoka Wagga Wagga hadi maonesho ya Sydney

Jumatano. Shambani, nje kidogo ya Wagga Wagga

Jua halijachomoza na binti yuko zizini. Amevaa buti za mpira, amemshika dume la kondoo wa Merino kidevuni, anamfunua mdomo ili nione meno. Kesho anakwenda Sydney kushindana na mabinti wenzake kutoka kila upande wa jimbo la New South Wales, hapa Australia, lakini asubuhi hii ananitahini mimi.

"Ana umri gani, Dada?"

Nikahesabu meno makubwa ya chini. Manne. Nikasema miaka miwili, au anaikaribia. Akamwachia dume akacheka, akasema nikirudi nyumbani hakuna muuza kondoo atakayeniibia mnadani.

"Dada" ndilo neno la kwanza la Kiswahili nililomfundisha. Yeye ana miaka 22, mimi 31, nami humwita mdogo wangu. Jina lake sitaliandika hapa. Hakuna aibu yoyote ndani yake, ila ni msichana wa watu, ana nyumba na wazazi, na habari hii ni yake kabla ya kuwa yangu.

Mimi ni afisa ugani kutoka Njombe. Niko huku kwa mwaka mmoja nikisoma mambo ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Charles Sturt, na familia hii ilinipokea kwa mafunzo ya vitendo. Mara ya kwanza nilikaa wiki tatu, na tangu hapo kila nikipata nafasi narudi. Wana ngano, wana kanola, zao la mbegu za mafuta, na wana kondoo wengi kuliko idadi niliyokuwa nimezoea kuitaja kwa mdomo. Mji wenyewe unaitwa Wagga Wagga, jina la Wawiradjuri, wenyeji wa asili wa nchi hii. Neno limerudiwa mara mbili kuonyesha wingi, jambo ambalo Mswahili halimpi taabu kulielewa. Wengine hulitafsiri kama pahali pa kunguru wengi, wengine pahali pa ngoma nyingi. Mimi nimeona vyote viwili.

Sasa hilo shindano. Chama cha Kifalme cha Kilimo cha New South Wales kilianzishwa mwaka 1822, na mwaka uliofuata kikafanya maonesho yake ya kwanza huko Parramatta. Leo maonesho hayo hufanyika Sydney kila msimu wa Pasaka, kwa karibu wiki mbili, na watu wanaohudhuria huhesabiwa kwa malaki. Ndani yake limo shindano la mabinti wa umri wa miaka 18 hadi 25, lililoanza mwaka 1962. Kwa miongo mingi liliitwa Showgirl, yaani msichana wa maonesho. Miaka ya karibuni jina likabadilishwa, sasa wanasema Mwanamke Kijana wa Mwaka, na gazeti la wakulima liitwalo The Land ndilo mdhamini wake. Msichana huanzia kwenye maonesho ya mji wake mdogo. Akishinda hupewa utepe mpana wa kuvaa begani, aende ngazi ya kanda, na akipita huko ndipo anaingia Sydney.

Nilipoambiwa mara ya kwanza nilidhani ni yale mashindano ya urembo niliyoyazoea. Sivyo. Hapimwi kiuno wala hatembezwi na vazi la ufukweni. Majaji hukaa naye mezani wakamuuliza habari za kilimo, za siasa, za mji wake, na anachokusudia kufanya na maisha yake. Hutazama anavyosikiliza na anavyojibu. Anayeshinda huwa sauti ya maonesho ya kilimo na ya watu wa mashambani kwa mwaka mzima.

Mchana Bibi alichukua pasi akaunyoosha ule utepe juu ya meza ya jikoni, ameufunika kitambaa chepesi usiungue. Bibi ni mama yake baba, na mwaka 1965 yeye mwenyewe alisimama kwenye maonesho ya mji wao. Utepe wake bado anao, umehifadhiwa ndani ya bati la biskuti.

"Enzi zetu tulivaa glovu nyeupe," akaniambia. "Waliniuliza kama napenda kupika. Nikasema napenda. Basi, hilo ndilo swali ninalolikumbuka."

"Na wewe ulitaka wakuulize nini, Bibi?"

Pasi ikasimama. "Bei ya sufu. Nilikuwa naijua kuliko baba yangu."

Usiku, baada ya chakula, akamgeukia mjukuu na gazeti mkononi. Maswali yakaanza kumwagika: bei ya sufu wiki hii, waziri wa kilimo ni nani, mvua ya mwaka jana ilikuwa milimita ngapi, ungemwambia nini mtoto wa mjini anayedhani maziwa hutoka dukani. Binti akajibu yote huku akiendelea kusuuza vyombo. Kisha Bibi akaliweka gazeti chini.

"Na baada ya miaka kumi utakuwa wapi?"

Binti akamtazama baba yake, akamtazama kaka yake aliyekuwa anajaza fomu za pembejeo pembeni. "Popote penye kazi," akasema.

"Hilo si jibu," akasema Bibi. Hakuna aliyeongeza neno. Mama mwenye nyumba akaleta chai.

Alhamisi. Barabarani, kilomita 450 na ushee

Tumeondoka saa moja asubuhi, wanne ndani ya pikapu: baba akiendesha, Bibi mbele, binti na mimi nyuma, na gauni lake likining'inia dirishani ndani ya mfuko wake. Mama na kaka wamebaki na mifugo.

Tulisimama Gundagai ili Bibi anyooshe miguu. Wengi husimama eneo hili kupiga picha na sanamu ya mbwa aliyekalia sanduku la chakula, nayo ipo tangu mwaka 1932. Bibi hakutaka tumwone mbwa. Alitupeleka mjini kwenye sanamu nyingine, ya wanaume wawili na mtumbwi wa gome la mti. Ni Yarri na Jacky Jacky, Wawiradjuri. Usiku mmoja wa Juni 1852 mto Murrumbidgee ulifurika ukaumeza mji uliojengwa bondeni, ingawa wenyeji walikwisha kuwaonya wageni kwamba mahali pale maji hupita. Watu hawa, ambao ardhi yao ilikuwa imechukuliwa, waliingia gizani na mitumbwi yao wakawatoa karibu watu 70 juu ya mapaa na matawi ya miti. Sanamu yao iliwekwa mwaka 2017. Ilichukua miaka 165.

Binti alikaa kwa muda mrefu akisoma maandishi. Akasema, "Wakiniuliza historia ya kwetu, nitaanzia hapa." Nilimpenda sana kwa kauli ile. Maana ukitaka kuizungumzia ardhi, lazima uanze na waliokuwa juu yake kabla yako.

Goulburn kuna kondoo wa zege mwenye kimo cha mita 15, pembe zake zimejikunja kama konokono. Alijengwa mwaka 1985, wakati sufu bado ni mfalme. Tulikula mkate na nyama kivulini mwake, na pale ndipo baba, ambaye siku zote huongea maneno machache, alipofungua kinywa.

Alinieleza habari za mwaka 1991. Kwa miaka mingi shirika la sufu lilikuwa linaweka bei ya chini ambayo mfugaji alihakikishiwa. Sufu isipopata mnunuzi kwa bei ile, shirika lenyewe linanunua na kuweka ghalani. Bei ikapandishwa mno. Wafugaji wakaongeza kondoo, wanunuzi wakakimbia, maghala yakajaa hadi marobota zaidi ya milioni 4. Februari 1991 mpango ule ukavunjika. Serikali ilikuwa inawalipa wafugaji wapunguze kondoo kwa kuwaua.

"Nilikuwa kijana," akasema. "Baba alichimba shimo kwa trekta. Alinipa bunduki kwa kuwa yeye hakuweza."

Bibi alikuwa anatazama upande wa barabara. Mimi nikamweleza habari za lumbesa: mkulima wa viazi wa Njombe anavyojaziwa gunia mpaka likavikwa kilemba cha kamba juu, akalipwa bei ya gunia moja. Akauliza maswali matatu manne, yote ya msingi. Nani anashona gunia? Mizani iko wapi? Kwa nini hamuuzi kwa kilo? Nikamwambia sheria ya vipimo ipo, lakini gari la mnunuzi likifika shambani na mvua imetanda, sheria iko mbali. Akatikisa kichwa. Anaujua uchungu huo.

Binti alisikiliza yote. Baadaye, tukiwa tunaingia Sydney kwenye msongamano wa magari, akaninong'oneza kwamba habari ya shimo hajawahi kuisikia.

Jioni tulimfikisha hotelini pamoja na wenzake. Sisi tumelala kwa binamu wa Bibi, Parramatta.

Ijumaa. Siku ya majaji

Uwanja wa maonesho uko Sydney Olympic Park, Homebush. Zamani hapa palikuwa na machinjio makubwa ya jimbo na machimbo ya udongo wa matofali. Maonesho yalihamia hapa mwaka 1998 kutoka Moore Park, na miaka miwili baadaye dunia nzima ikaja kwenye Olimpiki. Nilipita nje ya uwanja ule ambamo Mkenya Noah Ngeny alimpita Mmoroko El Guerrouj mita za mwisho kabisa za mbio za mita 1,500. Nilikuwa mtoto, tulisikiliza redioni. Nikasimama dakika moja nikiangalia kuta.

Usaili ni wa faragha, kwa hiyo tuliagana na binti getini asubuhi, tukaachwa na saa nyingi za kusubiri. Bibi akanipeleka kwenye ukumbi wa maonesho ya wilaya. Ndugu zangu wa ugani, laiti ningeweza kuwabeba wote mkauone ukumbi ule.

Kuna wilaya tano: Kaskazini, Kati, Magharibi, Kusini na Kusini Mashariki ya Queensland. Kila moja hujenga ukuta mzima wa mazao, unaopanda kama ngazi kuelekea darini, na ndani yake kuna picha iliyochorwa kwa mazao yenyewe. Weupe ni sufu, wekundu ni tufaha, njano ni mahindi na maboga, kahawia ni nafaka zilizopangwa punje kwa punje. Kwa ujumla ni zaidi ya vipande 10,000 vya mazao mabichi na makavu. Wanaojenga ni wakulima wenyewe, wengi wao wazee, wanajitolea, na wanashindana kwa alama: aina za ngano, ubora wa sufu, usafi wa matunda, mpangilio. Kila kichupa cha mbegu kina jina la shamba kilikotoka. Nilimkuta mama mmoja wa wilaya ya Kusini akigeuza tufaha moja moja ili upande wenye doa utazame ukutani.

Nilikumbuka Nane Nane. Nimefanya kazi katika mabanda ya Nane Nane misimu sita, viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Tunafika wiki nyingi kabla ya tarehe 8 Agosti kupanda vipando, tunamwagilia jioni, tunapaka chokaa kwenye mawe ya njia. Siku ya kilele kiongozi anapita na msafara, anaonyeshwa parachichi za Njombe, kahawa ya Mbozi, mchele wa Kyela. Na karibu na kila banda amesimama msichana. Amevaa fulana ya taasisi, ameshika sinia la vionjo au daftari la wageni. Anatabasamu kutoka asubuhi hadi jioni. Mara nyingi ndiye aliyemwagilia kile kipando. Ndiye anayejua kwamba mbegu ya mstari wa tatu ilichelewa kuota kwa sababu ya baridi. Msafara unapofika, anayeshika kipaza sauti ni mwingine.

Msimu wangu wa kwanza yule msichana nilikuwa mimi. Kiongozi aliyepita alinisalimia kwa upole, akaonja karanga, akauliza swali zuri sana kuhusu kutu ya majani. Alimuuliza mwanamume aliyesimama nyuma yangu. Yeye alikuwa dereva wetu. Dereva, mtu muungwana, akasema, "Mheshimiwa, mtaalamu ni huyu dada." Basi nikajibu. Hilo ni jambo dogo, lakini nililala nalo miaka yote hii, nami leo nimelikuta tena katikati ya ukuta wa maboga, maelfu ya kilomita kutoka Mbeya.

Bibi aliona nimenyamaza akanipeleka kunywa chai kwa akina mama wa CWA, chama cha wanawake wa mashambani kilichoanzishwa mwaka 1922. Wanauza skonzi zenye jamu na krimu, foleni inazunguka jengo. Bibi ni mwanachama tangu aolewe. Akaniambia kwamba miaka mingi kwenye fomu za benki na za serikali alijaza "mke wa mkulima", ilhali vitabu vya hesabu vya shamba aliviandika yeye. Mwaka 1994 wanawake wakulima kutoka nchi nyingi walikutana Melbourne. Alipanda treni akaenda, akamwambia mumewe anakwenda kumtembelea dada yake. Aliporudi akajaza fomu ya kwanza iliyomfikia: *mkulima*.

"Mumeo alisemaje?"

"Aliuliza kama dada yangu hajambo."

Saa nane na nusu binti akatoka. Uso mwekundu, utepe umekaa upande. Alinishika mkono akanivuta nyuma ya banda la mbuzi, mbali na Bibi na baba.

"Wameniuliza ya miaka kumi."

"Ukasemaje?"

"Nimesema nalitaka shamba." Akameza mate. "Nimesema najua desturi ni kaka. Nimesema kaka yangu anapenda mashine na mimi napenda kondoo, na kwamba hajawahi kutokea mtu akatuuliza. Jaji mmoja, mama mtu mzima, akaniuliza: wewe umewahi kusema? Dada, nikakosa jibu."

Nilitamani kumwambia neno la hekima. Nilichoweza ni kumweka utepe sawa begani.

Kwetu wanawake tuna Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5 ya mwaka 1999, inayotupa haki sawa na wanaume ya kumiliki ardhi. Mimi huifundisha vijijini, ninayo nakala yenye mistari ya kalamu nyekundu. Baba yangu alipofariki, shamba la bondeni liligawiwa kaka zangu wawili kwenye kikao cha ukoo. Mimi nilikuwepo. Nilikuwa napika.

Jumamosi. Matokeo

Mchana kulikuwa na hafla ya chakula na familia. Washindani zaidi ya kumi, kila mmoja na utepe wa eneo lake, wameketi kati ya watu. Nimewasikiliza mezani na nimeona jinsi walivyo tofauti: muuguzi, mwalimu wa shule ya awali, mnunuzi wa nafaka, mmoja mtaalamu wa udongo ambaye nusura tusahau kula kwa kuongea habari za chokaa na udongo wenye asidi. Wote wanatoka miji ambayo hospitali iko mbali na vijana wanahama.

Mwongozaji alimpa kila mmoja kipaza sauti na swali moja. Zamu ya mdogo wangu ilipofika, akaulizwa ni jambo gani angelibadilisha katika kilimo cha nyumbani kwao. Nilijua angeweza kusema maji, barabara, au mtandao wa simu, na yote yangekuwa kweli. Akavuta pumzi.

"Ningependa familia za wakulima ziwaulize mabinti zao kama wanalitaka shamba, mapema, kabla ya mazishi. Na ningependa mabinti waseme bila kusubiri kuulizwa. Mimi nalitaka letu. Baba yangu yuko meza ile, na hii ni mara ya kwanza anasikia."

Kimya kilichofuata kilikuwa kifupi, kisha makofi. Sikumtazama binti, nilimtazama baba. Hakupiga makofi. Alikuwa ameshika uma, anauangalia, kama mtu aliyepewa kitu kizito akawa anatafuta pa kukiweka. Bibi alipiga makofi kwa wote wawili.

Hakushinda. Mshindi alikuwa msichana mwingine, na kwa haki kabisa. Nilimsikia akizungumza na hata ningekuwa jaji mwenye usingizi ningemchagua vilevile. Mdogo wangu alimkumbatia wa kwanza. Alilia kidogo chooni, nikamshikia utepe, akanawa uso, tukatoka.

Jioni tukakaa jukwaani kutazama gwaride kuu. Ng'ombe, farasi, mbuzi na kondoo waliopata tuzo huingia uwanjani kwa mistari, wakajipanga duara ndani ya duara mpaka uwanja wote unazunguka. Jambo hili wamelifanya zaidi ya karne moja. Baba alimtambua dume wa jirani yao akasimama. Binti akamwonyesha kwato za nyuma, kwamba zimekaa vibaya. Wakabishana kuhusu kwato kwa muda mrefu, kwa sauti ya kawaida kabisa. Nilifurahi kuisikia sauti ile.

Jumapili

Washindani bado wana kazi za kufanya uwanjani. Leo mdogo wangu aligawa riboni kwa watoto walioleta kuku. Mtoto mmoja wa miaka kama saba alikataa kumwachia kuku wake ili apokee riboni, basi binti akapiga magoti kwenye maranda ya mbao akamfungia ile riboni kuku mwenyewe. Miguu inaniuma. Nimenunua mbegu za bustani kwa mama.

Jumatatu. Kurudi

Njia ni ileile lakini gari limebadilika. Bibi amelala tangu tulipotoka mjini. Utepe umekunjwa ndani ya mfuko wa karatasi, juu ya mapaja ya binti. Mvua imetufuata hadi baada ya Goulburn, baba akapunguza mwendo, na kwa saa nzima tulisikia vifuta vioo tu.

Tulisimama Yass kujaza mafuta. Baba alirudi na vikombe vinne vya kahawa, akagawa, akabaki amesimama nje ya mlango wa nyuma.

"Alhamisi mhasibu anakuja," akasema. "Mambo ya shamba. Kaka yako atakuwepo."

Binti akangoja.

"Na wewe uwepo."

"Saa ngapi?"

"Saa nne."

"Saa nne namkata kucha yule dume."

"Basi tutaanza saa tano," akasema baba, akaingia, akawasha gari.

Sijui mhasibu atasema nini. Ardhi ya ekari nyingi hivyo ina madeni, ina kodi, ina kaka ambaye naye ana haki na ndoto zake. Lakini mwaka 1965 Bibi aliulizwa kama anapenda kupika, na Alhamisi hii mkutano umesogezwa saa moja mbele kwa ajili ya kucha za kondoo wa mjukuu wake.

Tumefika giza limeingia. Mama mwenye nyumba alikuwa ameacha supu jikoni, kaka akatoka kubeba mizigo, akamuuliza dada yake ilikuwaje. Niliwaacha wakizungumza barazani nikaenda chumbani kwangu.

Hapa ni saa tatu usiku. Njombe ni saa nane mchana, kaka yangu mkubwa atakuwa amerudi kutoka shambani kula. Nimeandika ujumbe, nimeufuta, nimeuandika tena: *Shikamoo kaka. Habari za hapo na watoto? Nikirudi mwezi wa kumi na mbili naomba tukae wewe, mdogo wetu na mama, tuzungumze habari za shamba la baba. Nami nalihitaji.*

Jibu limekuja kabla sijavua viatu.

*Marahaba mdogo wangu. Huku hatujambo, mvua nzuri. Shamba lipi tena?*

Nikampigia.